Ngome ya Lamu, kutoka kambi ya askari hadi uwanja wa ngoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu ni kutembeza wageni mjini Lamu, na jioni nyingine kuwasaidia watu wanaoandaa harusi, usiku wa mashairi au mchezo wa kuigiza ngomeni. Maswali ninayoulizwa ni yale yale, na mengi huulizwa nikiwa nimebeba kitu kizito. Nimeyaweka hapa. Swali likigusa jambo lililokwisha kujibiwa, nitakuelekeza huko.

## Mambo ya mwanzo

Ngome yenyewe iko wapi?

Katikati ya mji wa kale. Ukishuka botini ukapanda kidogo kutoka ufukweni, utafika kwenye uwanja wa Mkunguni, na ngome iko mbele yako. Usita wa Mui, yaani barabara kuu ya mji, unapita mbele ya mlango wake, na soko liko ubavuni.

Wengi hushangaa ngome ya kulinda bandari kukaa nyuma ya majengo mengine. Ilipojengwa, maji yalikuwa karibu. Katika karne ya 19 ufuo ulijazwa kidogo kidogo, na nyumba za mbele zikasimama juu ya ardhi hiyo mpya. Ngome haikurudi nyuma, bahari ndiyo iliyosukumwa.

Nani aliijenga, na lini?

Mara nyingi huandikwa kwamba ilijengwa kati ya 1813 na 1821, ingawa wengine husema kazi ilianza mapema kidogo. Ujenzi ulianza wakati Sultani wa Pate, kisiwa jirani, akiutawala mji huu, ukamalizwa kwa msaada wa Waomani, na katikati ya hayo mawili kuna Vita vya Shela.

Mwaka wa 1812, wengine huandika 1813, Pate na Wamazrui, watawala wa Mombasa, walishirikiana wakashusha jeshi Shela, mwendo mfupi kwa miguu kutoka hapa. Waamu, yaani watu wa Lamu, wakatoka kupigana nao. Wavamizi waliporudi mbio kwenye vyombo vyao wakakuta maji yamekupwa na majahazi yamekaa mchangani. Waliuawa wengi sana, na kwa miaka mingi baadaye upepo wa Shela uliendelea kufukua mifupa kwenye vilima vya mchanga. Baada ya ushindi huo Lamu iliingiwa na hofu ya kulipiziwa kisasi, ikamwomba Seyyid Said wa Oman ulinzi. Naye akaleta liwali na askari, na askari wanahitaji pa kukaa.

Imejengwa kwa nini, na mbona vyumba vyake ni vyembamba hivyo?

Mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, kama nyumba zote za mawe mjini. Dari hulazwa juu ya boriti, na boriti ya mkoko ina urefu wake. Huwezi kuivuta ikafika mita tano. Kwa hiyo chumba kinakuwa kirefu utakavyo, lakini upana wake hauzidi mita tatu hivi. Uwe tajiri au sultani, mkoko ndio mwenye neno la mwisho.

Jibu hili lina umuhimu kuliko linavyoonekana. Kwa kuwa hakuna chumba kinachoweza kukusanya watu mia, mahali pekee pa kukutania ngomeni ni ua wa katikati ulio wazi kwa mbingu. Katika nyumba ya Kiamu ua huo huitwa kiwanda. Askari walijipanga kiwandani, wafungwa wakaota jua kiwandani, na leo bibi harusi huketi kiwandani. Hakuna aliyekaa akachora ramani ya ukumbi, boriti ndizo zilizoamua.

Kwa nini wazee wengine huiita gereza?

Kwa sababu mbili, na ya pili haijulikani sana. Ya kwanza ni kwamba ilikuwa jela kweli (tazama "Ilikuwa jela kwa muda gani?"). Ya pili ni kwamba neno gereza lenyewe lilianza kwa maana ya ngome. Limetokana na neno la Kireno la kanisa, kwa kuwa Wareno walizoea kuweka kanisa ndani ya ngome zao. Baadaye ngome nyingi za pwani zikafanywa mahali pa kufungia watu, na maana ikahama pamoja na kazi. Bibi yangu alisema "gerezani" hata alipokuwa akienda kwenye harusi, na hakuona kichekesho chochote.

## Enzi ya askari

Walikuwa askari wa nani?

Wa Sultani wa Oman, ambaye baadaye alihamishia makao yake Unguja. Wengi wao walikuwa Wabulushi, watu wa Baluchistan waliotumikia utawala wa Oman kwa mshahara. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 ngome hii ilikuwa moja ya vituo ambavyo Waomani walivitumia kuishika pwani.

Mji wa mawe uliishia hapa upande wa kusini, ngome ikiwa kwenye kona yake. Kaskazini ni Mkomani, mitaa ya watu wa kale. Kusini pakakua Langoni. Ukisimama mlangoni leo, Mkomani iko mkono mmoja na Langoni mkono mwingine. Weka hilo akilini, utalihitaji huko mbele.

Je, askari walikuwa na ukumbi wao wa maonyesho humo ndani?

Hapana. Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi na watu waliotembelea kambi za Waingereza au Wamarekani, ambako kambi huwa na jumba la sinema na jukwaa la askari. Ngome ya Lamu haikujengewa kitu kama hicho, wala mji haukukihitaji. Maonyesho ya Lamu yalikuwa njiani, barazani, uwanjani na katika nyumba za harusi.

Na yalikuwa ya vita hata kabla ya vita. Kabla ya Shela, Mombasa na Lamu zilirushiana mashairi. Upande wa Mombasa alikuwapo Muyaka bin Haji, upande wa Lamu Bwana Zahidi Mngumi. Tungo zilikwenda na kurudi na vyombo vya bahari, zimejaa mafumbo, kejeli na vitisho vilivyovishwa adabu. Kila upande ulikuwa na hadhira iliyosubiri jibu kama watu wanavyosubiri kipenga. Mimi huwaambia wageni kwamba igizo la kwanza la ngome hii lilichezwa kabla jiwe la mwisho halijapandishwa, na wachezaji wake hawakuwahi kusimama jukwaa moja.

Beni ni nini, na inahusiana vipi na askari?

Beni ni ngoma iliyozaliwa pwani hii ya Kenya miaka ya 1890, na jina linatokana na bendi ya tarumbeta. Watu waliyatazama majeshi ya kikoloni yakipiga gwaride, kisha wakalifanya mchezo: sare, vyeo, saluti, mwendo wa hatua, na juu ya yote nyimbo za kuwachoma wapinzani wa mtaa wa pili. Ukitaka kuona ukumbi wa maonyesho uliotoka kambini, usitafute jengo, tafuta beni.

Mji wa Lamu ulikuwa tayari kwa mchezo huo, maana ushindani wa nusu mbili ni wa zamani mno. Kabla ya majina ya Mkomani na Langoni kushika, kulikuwa na makundi ya Zena na Suudi. Beni ilifika Tanganyika, ambako makundi ya Marini na Arinoti yakawa mashuhuri, na katika Vita Vikuu vya Kwanza askari wa KAR (jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) na wapagazi waliibeba mbali zaidi, hadi Nyasaland, yaani Malawi ya leo. Watu walioamrishwa kutwa nzima walikuwa wakivaa vyeo jioni na kuamrishana wao kwa wao. Huhitaji msomi akueleze raha yake.

## Jela, kisha ukumbi

Ilikuwa jela kwa muda gani?

Kuanzia 1910 hadi 1984, miaka 74. Waingereza waliianzisha, na serikali ya Kenya huru ikaendelea nayo. Ukihesabu vizuri, wafungwa waliishi humo takriban muda sawa na askari. Mabango huzungumza zaidi juu ya masultani, na mimi naona si haki.

Iligeukaje kuwa mahali pa maonyesho?

Mwaka wa 1984 ilikabidhiwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ikatengenezwa, ikafunguliwa kwa watu, na leo ina maonyesho ya makumbusho, maktaba na ua unaotumiwa kwa shughuli za jamii. Mwaka wa 2001 mji mzima wa kale uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na wageni wakaongezeka.

Lakini kilichoigeuza hasa, kwa maoni yangu, ni harusi. Harusi ya Lamu ina usiku wa wanawake peke yao, na wanawake wanahitaji mahali pakubwa ambapo hakuna mwanamume atakayechungulia. Fikiria: kuta nene, mlango mmoja wa kulinda, ua mkubwa katikati. Kuta zilizojengwa ili adui asione idadi ya askari zikafaa kuzuia macho ya wapita njia. Mashairi, igizo na muziki vilifuata nyuma ya mabuibui.

Mbona Lamu haikujenga ukumbi wa duara ngomeni kama Unguja?

Ngome Kongwe ya Unguja, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17, ilijengewa ukumbi wa duara katika ua wake miaka ya 1990. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza 2004, limefanyika humo, na filamu za ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, pia. Ni mahali pazuri, sina neno baya.

Lakini ua wa Unguja ni mpana, wetu ni mdogo. Ukimwaga ngazi za zege kwenye kiwanda cha Lamu, umekipa sura moja tu ya kudumu. Leo watandike mikeka kwa maulidi, kesho wapange viti kwa mkutano, keshokutwa wacheze duara ya kirumbizi. Ngazi za zege zitawaambia wote wakae upande ule ule. Na zege juu ya jengo la matumbawe ni shari nyingine (tazama "Kwa nini siruhusiwi kupiga misumari au kuziba ufa kwa saruji?").

Mombasa nao wana njia yao. Ngome ya Yesu ilijengwa 1593 hadi 1596, ikawa jela tangu 1895 hadi 1958, kisha ikafunguliwa kama makumbusho. Huko kumefanywa maonyesho ya usiku ya sauti na taa, kuta zenyewe zikisimulia.

## Michezo utakayoiona

Goma, kirumbizi na vugo vina tofauti gani?

Goma ni la wanaume waliotulia. Wanasimama mstari, kanzu na kofia, kila mmoja na bakora yake, zumari ikilia na ngoma zikijibu. Mwendo ni wa polepole hata mgeni asiyejua hudhani hawajaanza. Angalia mabega na mkono ulioshika bakora. Mzee hodari anaweza kukutoa machozi bila kusogea nusu mita.

Kirumbizi ni fimbo. Wawili huingia katikati ya duara, wakazungukana, wakatishana, kisha fimbo zikakutana. Ni mchezo, lakini vidole havijui kwamba ni mchezo. Nilisimama karibu mno siku moja kiwandani, na jambo nililoliona ndilo hili: kijana mmoja, kabla ya kupiga, aliigusa ardhi kwa ncha ya fimbo mara mbili, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Mwenzake akarudisha nyuma mguu wa kulia. Pigo lilipokuja, kuta ziliurudisha mlio wake, nikasikia mapigo mawili, ilhali nililiona moja.

Vugo ni la wanawake, la harusini. Hupigwa pembe kwa kijiti, nyimbo zikienda na mwendo njiani. Ukiwa mwanamume na unalisikia linakuja kwenye kichochoro chembamba, pisha.

Je, Maulidi hufanyika ngomeni?

Maulidi makubwa ya mwaka ni ya Msikiti wa Riyadha, upande wa Langoni, ulioanzishwa na Habib Swaleh mwishoni mwa karne ya 19. Husomwa Mfungo Sita, kwa hiyo kwa kalenda ya kawaida tarehe husogea nyuma siku kama 11 kila mwaka. Usinunue tikiti kwa kukumbuka tarehe za mwaka jana. Mbio za punda na mashindano mengine huandamana nayo, na michezo hujaa mjini siku hizo, Mkunguni ikiwamo. Wanaokuja kuitafuta Maulidi ndani ya ngome hukuta vibanda vya makumbusho na ukimya.

Ndani na nje ya ngome, wapi kuna mchezo zaidi?

Nje, bila shaka. Mkunguni umepata jina kwa mikungu yake, na chini ya vivuli hivyo kuna bao, siasa, kahawa na uongo wa wavuvi tangu asubuhi. Kwa vile ngome iko mpakani mwa Mkomani na Langoni, uwanja wake si wa upande wowote. Timu mbili haziwezi kushindana nyumbani kwa mmoja wao. Ndiyo maana naamini kwamba mchezo ulikuwa mlangoni siku zote, na mwaka wa 1984 mlango ulifunguliwa tu. Hata sasa, kukiwa na onyesho ndani, nusu ya watu hubaki ngazini wakilisikiliza bure na kulitolea maoni.

## Ukitaka kuutumia ua

Naweza kukodi ngome kwa harusi au igizo?

Ndiyo, kupitia ofisi ya makumbusho iliyoko hapo hapo. Fika mwenyewe ukazungumze, na mapema, hasa kama unalenga Desemba au siku za karibu na Maulidi. Ukiwa na usiku wa wanawake, sema tangu mwanzo, ili mlango upangiwe walinzi wanawake na simu zikusanywe pale kizingitini.

Pangia swala nafasi yake. Misikiti iko pande zote, na adhana ikianza, spika huzimwa. Igizo zuri huandikwa likiwa na pumziko la isha ndani yake.

Vyombo vya muziki vinafikaje, na mji hauna magari?

Lori huishia Mokowe, bara. Kutoka hapo ni boti, kisha mkokoteni wa hamali au punda. Pima spika zako kwa kichochoro, si kwa ukumbi. Mtu mmoja, jina nalihifadhi, aliniahidi spika mbili za wastani, akaleta kabati mbili zilizohitaji watu wanne kila moja. Tulifika kiwandani jasho tupu, tukawasha, na sauti ikawa mbaya, kwa sababu kuta hizo hurudisha kila kitu. Fundi alipunguza, akapunguza tena. Mwishowe mwimbaji aliweka kipaza sauti chini akaimba kwa koo lake, na watu wa mwisho kabisa wakamsikia.

Mvua ikinyesha?

Utalowa. Uliza turubai mapema, na usiliite "mapambo" kwenye bajeti halafu ulikate. Mwezi wa Mei ni hatari zaidi, masika yakiwa yamekolea.

Kwa nini siruhusiwi kupiga misumari au kuziba ufa kwa saruji?

Matumbawe yana vitundu vidogo, huvuta unyevu na chumvi kisha huviachia. Chokaa inapumua nayo. Saruji haipumui. Ukipaka saruji, maji hunaswa nyuma yake, chumvi huganda, na baada ya misimu michache ukuta unamwaga ngozi pamoja na nyama. Msumari hufungua mlango wa shida hiyo hiyo. Funga kamba kwenye nguzo zako mwenyewe.

## Maswali ya pembeni

Je, Fumo Liyongo alifungwa katika ngome hii?

Hapana, ingawa natamani ningesema ndiyo. Masimulizi ya Liyongo, shujaa wa tenzi za pwani, ni ya karne nyingi kabla ya 1813, na yanataja Pate, Shaka na Ozi. Kaburi lake huonyeshwa Kipini, kwenye mlango wa mto Tana.

Ila naelewa kwa nini watu huuliza. Liyongo akiwa kifungoni alimtumia mama yake ujumbe kwa wimbo, kupitia kijakazi Saada, na mama akaelewa fumbo: akaoka mkate wa wishwa na kutia tupa ndani. Walinzi waliokula mikate mizuri kila siku wakaudharau ule wa wishwa, wakampa mfungwa. Kisha ikapigwa ngoma ya gungu, na katika mshindo wa matari, vigoma na vigelegele, hakuna aliyesikia tupa ikikata chuma. Ukisimama kwenye ua uliokuwa jela na leo unapigwa ngoma, kisa hicho hukujia chenyewe.

Hii ndiyo kambi ya kijeshi inayotajwa kwenye habari?

Hapana. Hiyo ni kambi ya wanamaji ya Magogoni, Manda Bay, nje ya mji. Haitembelewi, na ukipita na boti, kamera ikae mfukoni.

Kuna ngome nyingine karibu?

Ya Siyu, kisiwani Pate. Siyu ilimsumbua Sultani kuliko mji wowote wa visiwa hivi. Mwaka wa 1844 Bwana Mataka na watu wake walilishinda jeshi la Seyyid Said. Ni safari ya boti inayofuata maji kujaa na kukupwa, kwa hiyo muulize nahodha saa ya kurudi kabla ya kuuliza bei.

Ni kweli kuna majini humo usiku?

Nimelala humo mara mbili kulinda vyombo vya watu. Mara ya kwanza nilisikia hatua juu ya dari, nikasoma nilichokijua chote. Kulipopambazuka nikamkuta paka, tena wa kawaida, wale warefu wa Lamu, amekaa juu ya spika akinitazama kama mwenye nyumba. Mara ya pili nilikuja na samaki.